Onsongo wa Kona ya Maili Ishirini

Nilipoolewa upande huu wa Manga, mwaka wa 1957, jambo la kwanza nililoambiwa kuhusu Mzee Onsongo ni kwamba ana wazimu kidogo. Mawifi zangu waliniambia tukiwa tunapukuchua mahindi, wakicheka hadi machozi. Kuna mzee pale kwenye kona ya barabara, walisema, ambaye akiona mwanamke anakuja hutumbukia mtaroni, hata mtaro ukiwa umejaa maji. Ukipita utamkuta amesimama humo, kofia kifuani, uso kaugeuzia ukingo wa udongo. "Usimwogope," wakaniambia, "yeye ndiye anawaogopa wanawake." Nilikuwa mgeni, nikacheka nao.

Mama mkwe wangu, Esnah, hakucheka. Aliniita jikoni, akanipa kiti kidogo cha miguu mitatu, akanieleza habari za Onsongo tangu mwanzo, na uji ukaungua tukiwa tumeketi. Mengi ninayoyaandika hapa ni yake. Mengine niliyaona mwenyewe baadaye. Hasira iliyomo ni yangu, wala siiombei radhi.

Onsongo alikuwa bado kijana, hajaoa, barabara ilipoletwa huku, katika miaka ya ishirini. Chifu alidai watu kutoka kila boma, wakaenda na majembe na sururu kuuchimba mlima. Wengi waliikimbia kazi ile. Walijificha migombani, wakasingizia homa, wengine wakatorokea mashamba ya chai ya Kericho. Onsongo aliipenda. Sijui mtu anaipendaje barabara, lakini yeye aliipenda, na wenzake walipoachiliwa kurudi nyumbani akaomba abaki kibarua wa kudumu. Miaka ikapita, akawa nyapara wa kipande kimoja tu, kuanzia kijito hadi kupita kona. Mvua ikizoa udongo, alirudisha udongo. Ng'ombe wa mtu akikanyaga ukingo, mwenye ng'ombe alisikia maneno yake siku nzima.

Mtaro ndio aliojivunia zaidi. Pale kwenye kona, upande mmoja ni mlima na upande mwingine ni mteremko mkali unaoishia kwenye migomba ya watu. Maji ya mlima yalikuwa yakikata barabara kila masika. Onsongo akachimba mtaro chini ya mlima, mrefu na wa kina, akazichonga kuta zake kwa jembe hadi zikawa laini. Tangu hapo maji hayakuikata barabara tena.

Hapo hapo serikali ilisimamisha kibao kilichosema magari yasizidi maili ishirini kwa saa. Madereva wakapaita Kona ya Maili Ishirini, na jina likabaki. Mke wa Onsongo, Nyangate, alikuwa na mzaha mwingi. Alikuwa akiwaambia wanawake wenzake kisimani kwamba mume wake ana mke mkubwa, mrefu sana, amelala kutoka kijito hadi kona, na kila asubuhi humfagia kabla hajamwamkia mke mdogo.

Walikuwa na mtoto mmoja, Ondieki. Mwaka wa 1946 Nyangate akashikwa na uchungu wa mtoto wa pili, na mtoto hakutoka. Wakunga walihangaika naye mpaka wakasema apelekwe hospitali ya Kisii. Kulikuwa na lori moja la kuaminika njia hii, la mtu wa kutoka ziwani aliyeitwa Oyoo, aliyekuwa akinunua ndizi huku na kuziuza mjini. Oyoo alizishusha ndizi zake zote kando ya barabara bila kuulizwa. Wakamlaza Nyangate juu ya majani makavu ya migomba, Onsongo akapanda nyuma akamshika kichwa, na Esnah akapanda kwa kuwa alikuwa jirani na rafiki.

Vibao vilikuwa vingi hadi mjini, na Oyoo aliviheshimu vyote. Onsongo alikuwa akigonga bati la lori kwa ngumi. Oyoo akasimamisha, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, mimi nasikia," alisema. "Lakini hii gari siwezi kukimbiza. Walinishika mara moja. Wakinishika tena wananyang'anya leseni, na watoto yangu watakula nini?"

"Mke wangu anakufa, Oyoo."

"Naona, mzee. Naendesha ile mwisho naweza."

Nyangate alikufa kabla hawajayaona mabati ya mji, na mtoto akafa ndani yake. Esnah anasema hata lile lori lingepaa angani, huenda wangefika wamechelewa vile vile. Yeye alimshika mkono na alijua. Lakini nenda kamwambie hivyo mwanamume aliyembeba mke wake barabara nzima, barabara aliyoichimba mwenyewe, akihesabu kila mti unaopita taratibu. Onsongo hakuambilika. Kwake yeye, Nyangate aliuawa na mwendo wa polepole, basi.

Alimlea Ondieki peke yake, na Ondieki alipokua akaoa msichana wa Mosocho, Bonareri. Kisha akafanya kama walivyofanya vijana wengi, akaenda kuchuma chai Kericho na kumwacha mke bomani na baba yake.

Hapa lazima nieleze chinsoni, maana msomaji wa mbali hataelewa. Kwetu sisi Wagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakaribiani. Haingii nyumbani kwake. Hawasalimiani kwa mkono, hawatazamani machoni, hawaitani majina. Wakikutana njiani, mwanamke anaiacha njia, anasimama kando amempa mgongo, na mzee naye anageuza uso mpaka wapitane. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa kuliko zote tulizo nazo. Nimeishi nayo, nimeichukia siku nyingine, na siku nyingine nimeona kwamba bila hiyo baadhi ya wazee wasingevumilika.

Kwa hiyo katika boma lile waliishi watu wawili waliotunzana miaka yote bila kuzungumza. Katikati yao alikuwa mtoto, Nyanchera, binti ya Bonareri, kwa sababu babu na mjukuu hawana chinsoni, wanataniana wanavyotaka. Bonareri alikuwa akisimama nyuma ya ukuta wa jikoni na kupaza sauti: "Nyanchera, mwambie babu uji uko tayari." Onsongo naye akajibu kutoka kivulini kwake: "Nyanchera, mwambie mama nashukuru, na kwamba kuni za mvua nimezipasua." Mtoto hakuhitajika kutamka lolote. Esnah anasema mara nyingi Nyanchera alikuwa amelala, au ameenda kucheza kwa jirani, na wao wanaendelea kumtuma tu. "Nyanchera, mwambie mama kikohozi chake si kizuri, atumie asali." "Nyanchera, mwambie babu avue lile koti nilishone." Majirani waliokuwa wakipita walicheka. Nami nimecheka Esnah aliponiigizia sauti zao, halafu nikaona yeye analia.

Mwaka wa 1952 barabara ilipanuliwa na kumwagwa changarawe. Wenye malori na wafanyabiashara wakaomba kibao cha kona kiondolewe, magari yaruhusiwe maili thelathini na tano. Chifu akaitisha baraza, na afisa mmoja wa barabara akaja kusikiliza. Wanawake wa soko walipinga. Bonareri alikuwa amekaa nao upande wa pili wa uwanja, na mmoja wao akasema kwa niaba yao kwamba barabara imepanuliwa kwa ajili ya magari lakini wao bado wanatembea mahali pale pale, na mizigo ni ile ile. Wenye malori wakasema mtu na atazame anapokwenda. Mabishano yakawa marefu.

Ndipo Onsongo akasimama. Hakuwa msemaji, na watu wakageuka kumtazama.

"Mnanijua," alisema. "Hiyo barabara nimeichimba mimi. Na nyote mnajua Nyangate alifia wapi. Hakuuawa na gari linalokimbia. Aliuawa na gari linalokwenda polepole kwa sababu ya kibao. Anayesema maili ishirini zinatosha, asimame hapa aniambie zilimtosha nani."

Hakusimama mtu. Ungesimama wewe? Wanawake wa soko wakatazama chini, na Bonareri akajifunika uso kwa leso, maana aliyesema ni baba mkwe wake, machozi yakimtoka, na hakufaa hata kumsikiliza akilia. Baraza likakubali. Wiki iliyofuata Onsongo mwenyewe aling'oa kibao cha zamani na kukisimamisha kipya, akashindilia udongo kwa mguu. Watu waliendelea kupaita Kona ya Maili Ishirini.

Na niseme ukweli, kwa sababu hasira yangu haiko upande mmoja. Mwendo ule mpya ulisaidia. Bathsheba, mke wa Ombui, alikwama kujifungua kama Nyangate alivyokwama, akapelekwa Kisii mbio mbio, na wakarudi nyumbani wawili, mama na mtoto wa kike. Wakamwita mtoto Nyangate. Ombui alimpeleka kwa Onsongo, akamweka mapajani mwake. Esnah anasema hakuwahi kumwona mzee yule akiwa na furaha kama siku ile.

Mwaka uliofuata, katika masika, Bonareri alitoka sokoni. Ndizi hazikuwa zimenunuliwa vizuri siku hiyo, kwa hiyo alikuwa akirudi na mkungu mzima kichwani, na mwenye mkungu kichwani hawezi kugeuza shingo upesi. Alikuwa akitembea ukingoni, upande wa mlima, karibu na mtaro. Onsongo alikuwa akija kutoka juu, ukingo ule ule, jembe begani. Wakaonana kwenye kona.

Bonareri alipaswa kuiacha njia. Upande mmoja alikuwa na mtaro, na mtaro ulikuwa umejaa maji mpaka mdomoni, ule mtaro wa kina wa baba mkwe wake. Hangeweza kuingia humo na mkungu. Akafanya alilofanya miaka yote tangu aolewe: akaanza kuvuka kwenda upande wa pili, asimame kule amempa mgongo mpaka mzee apite. Na Onsongo akafanya lililompasa yeye. Akageuza uso akautazama mlima, ili asimwaibishe.

Lori walilisikia wote wawili. Hilo Onsongo alilisema wazi kwa polisi. Alilisikia likiguruma juu ya kona, na hakushtuka, kwa kuwa kwa miaka yote ya uhai wa barabara ile, ukilisikia lori pale juu, una nafasi ya kuvuka, kutua mzigo na kusimama. Bonareri naye bila shaka alihesabu hivyo. Kibao kilikuwa kimebadilishwa, magari yakabadilika, lakini masikio ya watu yalibaki ya maili ishirini. Hakuna aliyewaza jambo hilo barazani, hata wale wanawake waliopinga.

Esnah alikuwa bondeni akipalilia wimbi. Alisikia breki, kisha hakusikia kitu. Akapanda mteremko kwa mikono na miguu. Anasema ndizi zilikuwa zimetapakaa barabarani, na dereva, kijana mdogo, alikuwa amekaa chini kando ya gurudumu akisema, "Nilikuwa thelathini na tano, mzee. Thelathini na tano tu." Polisi walikuja kupima alama za magurudumu, wakaona alisema kweli. Hakuwa na kosa.

Watu walikuwa wamefika, lakini wamesimama mbali. Walisimama mbali kwa sababu Onsongo alikuwa amefanya jambo ambalo hawajawahi kuliona. Alikuwa amepiga magoti barabarani na kukiweka kichwa cha mke wa mwanawe mapajani mwake. Alikuwa akimfuta changarawe usoni kwa kiganja. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso ule kwa karibu. Bonareri alikuwa bado anapumua kidogo. Na mzee yule, kwa sauti ile ile aliyoitumia kivulini kwake kila siku, alikuwa akisema: "Nyanchera, mwambie mama asilale. Nyanchera, mwambie mama asubiri kidogo, gari lipo, tunampeleka. Nyanchera, mwambie mama."

Nyanchera alikuwa nyumbani kwa jirani, hata hajui.

Waliwapakia wote wawili katika lori lile lile, na safari hii dereva hakutazama kibao chochote. Bonareri alikata roho wangali njiani. Onsongo alirudi naye, akakaa nje usiku wa matanga bila kula, na wazee wakaanza kunong'ona kwamba amemgusa mke wa mwanawe, kwamba boma linahitaji kutakaswa, achinjwe mbuzi. Hapo ndipo nashindwa kuwavumilia wazee wetu. Mtu amekufa kwa kuifuata heshima yao hadi katikati ya barabara, na wao wanatafuta mbuzi. Onsongo aliwatolea mbuzi wao. Hakubishana.

Ondieki alikuja kutoka Kericho akamzika mke wake. Hakumlaumu baba yake, hata neno moja. Lakini alirudi Kericho mapema, na barua zake zikawa chache, kisha zikakoma. Nyanchera alichukuliwa na mama mzaa mama, Mosocho. Boma likabaki na mzee peke yake, na hakukuwa na mtu wa kumtumia mwingine salamu.

Alifanya jambo moja la mwisho hadharani. Aliomba baraza, na chifu akamhurumia akaliitisha. Onsongo akasimama pale pale aliposimama mara ya kwanza. Akasema alikosea. Akaomba kibao cha maili ishirini kirudishwe, hata kama ni kwenye kona tu.

Wengi walitaka kukubali, Esnah anasema, ilionekana machoni mwao. Kisha Ombui akainuka na mtoto wake mkononi. Hakuwa mkorofi, na wala hakupaza sauti.

"Mzee wangu," alisema, "mimi nilikaa hapa nikakusikia. Wewe ndiye uliyetufundisha. Ulisema anayedai ishirini zinatosha aje akuambie zilimtosha nani. Huyu ni Nyangate. Ulimpakata wewe mwenyewe. Kwa maili ishirini, mzee, huyu angekuwa wapi, na mama yake angekuwa wapi?"

Onsongo alimtazama yule mtoto. Mtoto alimjua, akanyoosha mikono aende kwake. Mzee akaketi. Afisa wa barabara akaandika kwamba hakuna badiliko. Kibao kipo vile vile hadi leo ninapoandika, na ukiniuliza mimi kingesema ngapi, nitakuambia nampenda Esnah aliyempoteza rafiki kwa ishirini, na nasali Sabato na Bathsheba aliyepona kwa thelathini na tano. Sina jibu. Nawachukia tu wanaojibu haraka.

Mwaka huo Onsongo alijaribu kuufukia mtaro wake pale kwenye kona, ili wanawake wapate mahali pa kusimama. Mvua ya kwanza ikaikata barabara, na wakubwa wake wakamwamuru auchimbe tena. Akauchimba. Ndipo akaanza hilo lililowachekesha mawifi zangu. Mwanamke yeyote aliyekuja, awe mkwe wa nani, Onsongo hakungoja aiache njia. Aliiacha yeye. Wazee wenzake walimkanya, wakamwambia anawavunjia heshima wazee wote, mzee hampishi mke wa kijana. Akawasikiliza, na siku ya pili akaingia mtaroni kama kawaida.

Mimi nilikutana naye katika masika ya mwaka ule nilioolewa. Nilikuwa na mtungi kichwani, na nilikuwa tayari nimeshasimuliwa yote. Alikuwa kiukoo sawa na baba mkwe wangu, kwa hiyo mguu wangu ulianza wenyewe kuvuka barabara, nilivyofundishwa na mama yangu. Kabla sijaweka hatua ya pili nikasikia maji. Alikuwa ameshaingia, maji yamemfika juu ya magoti, kofia kifuani, uso ukingoni mwa mlima. Mabega yalikuwa yanatetemeka kwa baridi. Nikasimama. Nilitaka kumwambia atoke, nilitaka kumshika mkono nimvute, lakini mimi pia ni mke wa watu na nimelelewa.

Juu ya kona, lori likasikika. Lilipita pale pale ambapo ningekuwa navuka, likatutupia matope, likateremka. Barabara ikawa kimya.

Mzee hakugeuka. Alisema polepole, akiuambia udongo ulio mbele yake, na Nyanchera wakati huo yuko Mosocho, ni msichana wa shule:

"Nyanchera, mwambie mama apite sasa. Gari hakuna."

Nikapita.